Biti Imekwama Kwenye Baa Nane? Mwongozo Kamili wa Kujenga Wimbo Bila Kuanzia Mwanzo

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa maprodyuza wachanga wa Nairobi ni moja. Baa nane za biti, yaani vipande vinane vya mapigo manne manne, ziko tayari, zinapiga vizuri, kila anayepita mlangoni anatikisa kichwa, lakini wimbo haupatikani. Wiki zinapita, biti inabaki kwenye folda pamoja na nyingine nyingi za aina yake.

Sababu huwa ile ile. Mtu anafungua programu, anaanza kupanga baa ya kwanza, kisha anasonga kulia hatua kwa hatua akiongeza ala. Anapanga mwanzo wa wimbo ambao kiitikio chake hakijui. Akifika ubeti wa pili, ala zote zimeshaingia na hana tena cha kuongeza, basi anarudi kwenye baa nane zake.

Mwongozo huu unageuza kazi hiyo. Unatengeneza kwanza sehemu iliyojaa kuliko zote, unazitoa sehemu nyingine humo kwa kupunguza, unazicheza kwa mpangilio wowote unaotaka, na uamuzi wa kipi kitangulie kipi unaufanya karibu na mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo

Programu ya kutengenezea muziki. Ableton Live na Bitwig Studio zina ukurasa wa klipu (vipande vifupi vya muziki unavyowasha kimoja kimoja) uliotengana na mstari wa muda (mahali wimbo unapopangwa kutoka kushoto kwenda kulia), na ndizo rahisi zaidi kwa kazi hii. Logic Pro ilipata ukurasa wake wa namna hiyo, Live Loops, kwenye toleo la 10.5 la mwaka 2020. FL Studio hutumia pateni, vipande vinavyofanana na klipu, na tangu toleo la 20 la mwaka 2018 unaweza kuweka mipangilio kadhaa ya wimbo ndani ya mradi mmoja. Reaper imejengwa juu ya mstari wa muda, ila unaweza kuugawa kwa maeneo, na ukiburuta eneo moja linahama na kila kilichomo. Reaper pia hukupa siku 60 za kuijaribu, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60.

Tahadhari kwa wanaotumia FL Studio ya majaribio: itakubali kuhifadhi mradi, lakini hutaweza kuufungua tena ipasavyo mpaka uinunue. Kazi ya mwongozo huu haimaliziki kwa kikao kimoja, kwa hiyo usiianze humo.

Kompyuta. Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8 inatosha. Ukitumia kompyuta ya mezani, tafuta UPS, kifaa cha kushikilia umeme kwa muda. Stima ikipotea katikati ya hatua ya 5, unapoteza mchezo ambao hutaurudia vile vile.

Hedifoni za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti, na hapa utakuwa unabonyeza kwa kufuata mdundo.

Karatasi na kalamu, na simu yako. Kazi yake utaiona mbele.

Biti yako ya baa nane. Baa moja hapa ina mapigo manne. Mifano yote nimeiweka kwenye kasi ya mapigo 100 kwa dakika, ambapo baa moja huchukua sekunde 2.4.

## Hatua ya 1: Fanya nakala, tenganisha midundo

Hifadhi mradi kwa jina jipya kabla ya kugusa chochote. Kwenye FL Studio, Ctrl+N huhifadhi toleo jipya na kuongeza namba yenyewe.

Kisha tazama midundo yako imekaaje. Walio wengi hukwama hapa bila kujua: kiki (ngoma nzito ya chini), sneya (ngoma kali), hai-hati (matoazi) na kayamba zote zimo kwenye pateni moja. Huwezi kuitoa kiki peke yake, kwa hiyo unabaki na njia mbili tu, midundo yote au kimya. Wimbo hauwezi kupumua namna hiyo.

Tenganisha kila ala ikae kwenye klipu au pateni yake. FL Studio ina amri ya kuigawa pateni kwa chaneli kwenye menyu ya pateni. Kwenye Ableton Live, toa kila kipande cha midundo kwenye treki yake, yaani mstari wake peke yake. Zipe klipu majina yanayoeleweka na rangi: midundo rangi moja, besi nyingine, gitaa na kinanda nyingine, sauti za watu nyingine.

Ikiwa kompyuta inakwaruza, ongeza bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta huandaa kabla ya kuicheza) hadi sampuli 1024. Kwenye 44,100 Hz hiyo ni ucheleweshaji wa takriban milisekunde 23, hausumbui mtu anayepanga tu. Utaishusha hadi 128 wakati wa kurekodi sauti.

Imefaulu ikiwa: unaweza kuzima kiki pekee huku mengine yakiendelea, na ukiutazama mradi unajua kila klipu ni ya nini bila kuibonyeza.

## Hatua ya 2: Geuza baa nane kuwa kiitikio kilichojaa

Usianze na mwanzo. Baa nane ulizonazo zifanye kiitikio, sehemu yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha mpaka wa wimbo. Ukishajua kilele kiko wapi, unajua ubeti ushuke kiasi gani.

Kagua nafasi nne. Chini kuna kiki na besi. Katikati kuna gitaa au kinanda kinachoshika kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Juu kuna hai-hati au kayamba. Mbele kuna kile kitakachokumbukwa: melodi, mlio, au watu wakiitikia. Kila nafasi iwe na mwenyewe. Nafasi ikiwa tupu, ijaze. Nafasi ikiwa na ala tatu zinazopigania kitu kimoja, chagua moja.

Katika kiitikio usiogope kujaza, lakini jihadhari na kurundika. Kujaza ni kuweka kitu mahali palipokuwa wazi. Kurundika ni kuongeza sinthi (kinanda cha kielektroniki) ya tano kwa sababu wimbo haukuchangamshi, wakati kinachokosekana ni tofauti kati ya sehemu na sehemu, na tofauti hiyo haipatikani ndani ya baa nane hata ukeshe.

Acha kipimo cha sauti kuu kisipande zaidi ya -6 dB. Utahitaji nafasi hiyo mwimbaji akiingia.

Imefaulu ikiwa: ukizima ala yoyote moja, unasikia pengo. Ile ambayo ukiizima hakuna kinachobadilika, ifute kabisa.

## Hatua ya 3: Toa sehemu nyingine kwa kupunguza

Hapa ndipo wimbo unapozaliwa, basi tulia.

Nakili kiitikio chote mara tano. Kwenye Ableton Live na Bitwig kila nakala ni sehemu moja inayowashwa kwa kubonyeza mara moja. Kwenye FL Studio zipange nakala hizo kwenye mstari wa muda, kila moja na alama ya jina lake juu, ukiacha nafasi wazi kati yake. Kwenye Reaper, chagua muda wa kila nakala kisha bonyeza Shift+R kulitengeneza eneo.

Sasa ondoa.

Ubeti. Toa melodi ya mbele yote. Besi ibaki lakini ipige noti chache. Gitaa au kinanda lishushe sauti au lipige mara moja kwa baa. Sauti ya mwimbaji hukaa pale pale katikati ambapo gitaa na kinanda hukaa, na anayerapu kwa Sheng hutoa maneno mengi kwa baa moja. Ukimwachia kiki, sneya, besi na kitu kimoja kidogo cha kumshikia kodi, kila neno litasikika. Biti inayopendeza sana peke yake kwenye ubeti mara nyingi ndiyo inayomfunika mwimbaji.

Ubeti wa pili. Uwe tofauti na wa kwanza kwa jambo moja tu. Rudisha kayamba, au badilisha mahali pa sneya. Msikilizaji hatajua ni nini kimebadilika, lakini hatachoka.

Kupanda. Baa nne za kuelekea kiitikio. Toa kiki. Acha hai-hati na kodi, na besi ishike noti moja ndefu.

Mwanzo. Kitu kimoja, kisizidi viwili, na kiwe ndicho kinachoutambulisha wimbo. Gitaa peke yake linatosha.

Daraja. Hapa una njia mbili. Ya kwanza ni kuondoa kiki na besi kabisa ubaki na kodi na sauti. Ya pili imo kwenye benga, muziki wa gitaa wa Kenya, na natamani maprodyuza wa leo waichukue kwa moyo wote: mwimbaji ananyamaza, gitaa la solo linashika usukani, na midundo inachangamka badala ya kutulia. Hata kwenye biti ya kompyuta, baa nane za gitaa likizungumza peke yake zinaweza kuupa wimbo uso ambao hakuna mwingine aliye nao.

Onyo kwa FL Studio: pateni ikirekebishwa mahali pamoja, inabadilika kila mahali ilipo. Kabla ya kupunguza noti za besi kwenye ubeti, ifanye klipu hiyo iwe ya kipekee kupitia menyu iliyo kwenye kona yake, la sivyo utaharibu kiitikio. Kwenye Ableton Live nakala hujitegemea, hakuna hofu hiyo.

Onyo kwa Ableton Live: nafasi tupu kwenye safu ya sehemu huwa na kitufe cha kuzima, kwa hiyo ukiiwasha sehemu hiyo, treki husika inanyamaza. Ukitaka kayamba iendelee kupita sehemu mbili bila kukatika, iteue nafasi hiyo na ubonyeze Ctrl+E kuondoa kitufe.

Imefaulu ikiwa: ukifumba macho mwenzako akawasha sehemu yoyote, unaitambua kabla baa moja haijaisha. Kiitikio na ubeti vikikuchanganya, bado hujapunguza vya kutosha.

## Hatua ya 4: Cheza sehemu bila mpangilio, mwimbaji akiwepo

Weka programu isubiri mwanzo wa baa kabla ya kubadilisha sehemu. Kwenye Ableton Live hiyo ndiyo hali ya kawaida, baa 1. Ukibonyeza mapema kidogo, itangoja. FL Studio ina hali ya maonyesho inayofanya kazi kwa namna hiyo, na kama inakutatiza, chagua sehemu moja kwenye mstari wa muda uizungushe, kisha hamia nyingine.

Mwite mwimbaji. Usirekodi bado. Mwache aimbe au arapu huku wewe ukiwasha sehemu kwa kumfuata. Anza na kiitikio, ruka hadi daraja, rudi ubeti. Jaribu mambo ambayo kwenye mstari wa muda yangekugharimu saa nzima ya kukata na kubandika.

Faida yake inaonekana upesi. Chukua mfano wa chumba kimoja cha Kayole, Nairobi: godoro limeegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, mwimbaji yuko kwenye kipaza sauti. Prodyuza anamaliza baa 16 za ubeti, mkono uko tayari kuwasha kiitikio.

"Buda, besi usiirudishe bado," mwimbaji anasema bila kuvua hedifoni. "Kuna mstari mmoja nataka usikike peke yake."

"Nikuwekee baa ngapi?"

"Mbili. Halafu iangushe."

Baa hizo mbili tupu hakuna ambaye angezifikiria akiwa peke yake na panya ya kompyuta. Zimepatikana kwa sababu biti ilikuwa bado inaweza kusikiliza.

Kalamu ifanye kazi hapa. Andika K kwa kiitikio, U kwa ubeti, P kwa kupanda, D kwa daraja, M kwa mwanzo. Kila mpangilio ukipendeza, andika herufi zake na idadi ya baa. Kwenye Ableton Live, ukitokea kuwasha mchanganyiko mzuri wa klipu kwa bahati, bonyeza Ctrl+Shift+I na programu itaukusanya kuwa sehemu mpya.

Tazama pia mahali mwimbaji anapovuta pumzi. Hapo ndipo pa kuingiza jibu la gitaa au sauti za kuitikia.

Imefaulu ikiwa: una angalau mipangilio miwili kwenye karatasi, na mmoja wapo haukuutarajia.

## Hatua ya 5: Rekodi mchezo wako kwenye mstari wa muda

Chagua mpangilio mmoja. Kwa mfano: M4, K8, U16, K8, U16, K8, D8, K8. Hizo ni baa 76, na kwa kasi yetu ni dakika 3 na sekunde 2. Ukiona ni ndefu, punguza daraja liwe baa 4, unashuka hadi dakika 2 na sekunde 53 hivi.

Kwenye Ableton Live, bonyeza kitufe cha kurekodi kilicho juu, kisha washa sehemu moja baada ya nyingine kwa kufuata karatasi. Kila unachofanya, hata kuzima ala kwa mkono, kinaandikwa. Ukimaliza bonyeza Tab kuona mstari wa muda.

Utaona treki zimefifia rangi na ukicheza husikii ulichorekodi. Wengi hufikiri kazi imepotea, wakafuta. Haijapotea. Programu bado inafuata ukurasa wa klipu. Bonyeza kitufe cha kurudi kwenye mpangilio na kila kitu kitaamka.

Kwenye FL Studio na Reaper, buruta sehemu au maeneo uyapange kwa mfuatano wa karatasi. Kwenye Reaper, kagua kwanza kwenye mipangilio kwamba mistari ya kupandisha na kushusha sauti inahama pamoja na vipande, maana isipohama, kiitikio cha pili kitashuka sauti bila sababu unayoiona.

Usianze kurekebisha makosa madogo sasa. Sikiliza wimbo mzima mara moja bila kugusa kitu.

Imefaulu ikiwa: wimbo unaanza, unapanda, unashuka na kuisha, hata kama viungo bado ni vikali.

## Hatua ya 6: Lainisha viungo

Sehemu zilizopangwa hivi zina tatizo moja la asili: zinabadilika kwa ghafla, kila baa ya nane au ya kumi na sita, na sikio linaanza kulibashiri. Kazi ya hatua hii iko kwenye baa ya mwisho ya kila sehemu, na ndipo ninapopenda kukaa muda mrefu kuliko pote.

Chukua baa ya mwisho ya ubeti kabla ya kiitikio. Pigo la kwanza: kiki na besi kama kawaida. Pigo la pili: sneya. Pigo la tatu: kata kila kitu, hata mwangwi wa sneya. Pigo la nne: sauti ya mwimbaji pekee, neno moja. Kisha kiitikio. Kimya hicho cha ala ni mapigo mawili, sekunde 1.2 tu, lakini kiitikio kinachofuata kitasikika kikubwa bila kuongezwa hata kidogo kwa sauti.

Ili kimya kiwe kimya kweli, tazama mikia. Noti ya besi iliyoandikwa ndefu itavuka. Mwangwi wa kinanda utavuka. Fupisha noti, na ushushe mwangwi hadi sifuri kwenye nusu hiyo ya baa.

Usitumie kimya hicho kila mahali. Kiungo kingine kiwe sneya ya haraka haraka inayojaza mapigo mawili. Kingine besi itangulie nusu pigo. Kingine kisiwe na kitu, sehemu iingie tu. Sauti za kupanda zinazouzwa kwenye vifurushi vya sampuli zitumie mara moja kwa wimbo, zikizidi hapo zinachosha.

Imefaulu ikiwa: unasikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho bila kutazama skrini na hujikuti ukihesabu baa.

## Hatua ya 7: Tengeneza toleo la pili

Kwa kuwa sehemu zako bado ziko huru, toleo la pili ni kazi ndogo. Kwenye FL Studio, nakili mpangilio mzima ndani ya mradi ule ule. Ableton Live ina mstari mmoja wa muda kwa faili, kwa hiyo hifadhi kwa jina jipya.

Toleo moja lianze na kiitikio moja kwa moja, kwa ajili ya video fupi za simu. Jingine liwe la madijei: baa 8 au 16 za midundo mitupu mwanzoni na mwishoni, wapate mahali pa kuunganisha wimbo na mwingine. Dijei anayechanganya nyimbo za matatu hataupa nafasi wimbo unaoanza na kodi tupu zisizo na mdundo.

## Hatua ya 8: Jaribio la simu, kisha toa faili

Cheza wimbo kwenye spika ya simu, bila hedifoni. Spika hiyo ndogo haitoi besi nzito. Kama kiitikio chako kilitofautiana na ubeti kwa besi pekee, kwenye simu sehemu hizo mbili zitasikika sawa, na wimbo utaonekana umelala. Rudi hatua ya 3 ukaongeze tofauti inayosikika juu: kayamba, gitaa, au watu wanaoitikia. Ukipata nafasi, uujaribu pia kwenye gari lenye spika kubwa, ambako kosa huwa kinyume chake na besi humeza maneno.

Ukiridhika, toa kila ala kama faili yake ya WAV ya ubora wa biti 24 (hapa biti ni kipimo cha ubora wa sauti, si mdundo), zote zikianzia baa ya kwanza hata kama ala inaingia dakika ya pili. Kwenye jina la folda andika jina la wimbo, kasi na ufunguo wake wa muziki. Faili la MP3 la wimbo mzima liwemo pia, ili anayepokea ajue ulivyokusudia.

Imefaulu ikiwa: prodyuza wa studio nyingine anaburuta faili zote kwenye mwanzo wa mradi mtupu, anabonyeza kucheza, na wimbo unatoka kama wako bila yeye kukupigia simu.